Watu Waliosimama Mtumbwini

Kazi yangu ilikuwa kuzungushia mashua mistari. Picha zilitoka kwenye kamera za meli za mizigo zisizo na mabaharia. Mimi, nikiwa chumbani kwetu mtaani Bel-Air, nilichora mstari kuzunguka kila chombo kilichoisogelea meli, kisha nikachagua: wavuvi au maharamia. Kompyuta ya meli ilijifunza kwa majibu yetu sisi wachoraji. Ikishajifunza, itawamwagia maharamia maji yenye nguvu ya kupindua mtumbwi, bila kumuuliza mtu.

Hilo lilininyima raha. Hakuna aliyenifundisha kazi. Niliiokota kwenye video za simu, na aliyejifunza peke yake haishi kuogopa kwamba kuna kitu kilimpita. Kwa hiyo nilichora, nikafuta, nikachora tena, mpaka mstari uguse mbao bila kugusa maji. Macho yaliniwaka. Mama, ambaye huuza samaki wakavu sokoni Kamalondo, alinicheka.

"Weye mulinzi ya bahari, bahari yenyewe ulionaka wapi?"

"Mu telefone, mama."

"Eh! Basi bezi ya bahari batakimbia."

Kisha ikaja picha ya mtumbwi mwembamba. Wanaume wamesimama ndani yake, wameinua miti mirefu. Kanuni ya kazi ilisema anayesimama karibu na meli na kuinua kitu kirefu ni haramia, kwa sababu maharamia hutundika ngazi. Lakini mimi nilikuwa nikienda Pweto, ziwani, na mama kununua samaki, na kule nimeona watu wakipiga ziwa kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Kwenye picha, maji yaliruka kando ya mtumbwi. Nikachagua wavuvi.

Msimamizi, niliyemjua kwa ujumbe tu, akairudisha: soma kanuni. Nikamwandikia maelezo marefu, nikayasahihisha mpaka yakapoteza ladha. Akairudisha tena. Akaonya kwamba nikikosea mara nyingine, nitaondolewa.

Nikamwonyesha picha mama, aliyekuwa uani akipanga samaki kwenye beseni.

"Bale banapiga mai, ni kweli," akasema. "Lakini weye andika vile banataka. Bukari yetu ya kula haitoke mu mutumbwi ya bale."

Nilitaka kumtii. Nilichoka hata kukasirika. Kidole changu kilikaa juu ya neno maharamia, kikabaki hapo. Sikuwa jasiri, nakiri. Nilishindwa tu kuacha jibu ambalo niliona si sahihi, kama nilivyoshindwa kuacha mstari uliopinda. Nikachagua wavuvi.

Mama hajamaliza kufunika beseni, simu ikanijulisha kwamba nimefungiwa akaunti ya kazi.

"Banakufukuza?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile foto?"

"Batapatia mutu mwingine."

Mama akasukuma beseni lingine la samaki mbele yangu. Nikaanza kuchambua, wazima huku, waliovunjika kule, nikimgeuza kila samaki mara mbili, tatu, kumtazama mkia.

"Yote iko sawa, mutoto wangu," mama akasema. "Hawa samaki balikufaka zamani. Weka tu."