Mikali na Mstari Uliofuata

Baba yake Mikali, mwalimu wa kanisa kule Dabani, hakumpa binti yake jina kwa kubahatisha. Alilipenda kwa ajili ya dirisha. Mikali wa Maandiko, binti wa mfalme Sauli, ndiye aliyemteremsha mumewe Daudi dirishani, kisha akalaza kinyago kitandani na kukifunika nguo, ili askari waliokuja kumuua wakute mti mtupu. Wageni walipouliza, mwalimu aliwaeleza kwamba kwa Kiebrania jina hilo huhesabiwa kuwa ndugu wa Mikaeli, lenye kuuliza ni nani aliye kama Mungu. Wapo pia wanaosema maana yake ni kijito. Kwake yote yalikuwa mema. Jambo moja tu hakuligusia: mwisho wa mwanamke huyo.

Mikali aliolewa Malaba, mpakani, na Erastus Ojulong, Mteso mpole aliyefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Mama mkwe, Alupo, alizungumza Kiteso, naye Mikali Kisamia. Wakakutana katikati, kwenye Kiswahili cha sokoni, na humo wakapatana vizuri. Mwaka wa kwanza ukapita, wa tatu, wa sita. Mtoto hakuja, na Alupo hakusema neno. Mwaka 1962 Adeke, mke wa Opolot mdogo wake Ojulong, alifariki akaacha watoto watano, kitinda mimba hajaota jino. Opolot alikuwa kibaruani Jinja. Matanga yalipokwisha, Mikali aliwachukua wote watano na mkeka wao, akawahamishia kwake.

Miaka miwili baadaye akaja mhubiri. Ilikuwa Jumapili ya akina mama, naye mwalimu Egesa alikuwa amevuka kutoka upande wa Kenya, mtu wa sauti nzuri na koti lililopigwa pasi. Alihubiri juu ya wake wenye dharau. Akamtaja Mikali, aliyechungulia dirishani, akamwona Daudi akicheza mbele ya sanduku la Bwana, akamdharau moyoni. Akafa bila kuzaa. Kanisa zima likageukia benchi la tatu, alipoketi Mikali.

Alupo alirudi nyumbani peke yake, akiwa mbele. Tangu siku hiyo jina la mkaza mwana wake halikutoka tena kinywani mwake. Akawa anamwita binti ya Samia, kwa kabila lake. Haikupita wiki mbili akamwambia Ojulong kwamba jina hilo ndilo lililofunga tumbo. Mwanamke arudishwe Dabani, aolewe mwingine, na watoto wa Adeke wapelekwe kwa shangazi yao Tororo. Nyumba Mikali angeweza kuiacha. Wale watano hapana.

Iandikwe wazi, maana sokoni wapo wanaosimulia vingine: katika boma lile hakuna aliyemwinulia mkono, wala chungu chake hakikutupwa nje. Ojulong aliwaita wazee, akamwita na Egesa mwenyewe, ili neno liamuliwe na kinywa kilicholileta.

Walikaa Jumamosi mchana. Alupo alisema yake, akasema vizuri. Mzee Ilukor, mkubwa wa ukoo, akamuuliza Mikali kama ana la kujibu. Mikali alikuwa amewaogesha watoto na kuwaketisha mkekani. Akamkabidhi Egesa kitabu cha Maandiko cha baba yake, kimetiwa unyoya wa kuku kwenye ukurasa, akamwomba asome.

Egesa akasoma. Akasita, akarudi nyuma, akasoma tena polepole: palitajwa wana watano wa Mikali, binti Sauli. Alikuwa mtu mkweli, na hakujificha. Alieleza kwamba wenye elimu husema watoto hao walizaliwa na Merabu, dada yake. Mikali ndiye aliyewalea, wakaitwa wake.

"Watano?" Ilukor akauliza.

"Watano, mzee."

Ilukor akautazama mkeka, akaanza kucheka tumboni. "Basi mwalimu, siku ile ulishuka njiani gari halijafika."

Egesa naye akacheka, akainamia kitabu aendelee. Mkono wa Mikali ukatua juu ya ukurasa.

"Hapo panatosha, mwalimu."

Egesa aliutazama mstari uliofuata, akamtazama Mikali, akafunga kitabu.

Shauri likaisha, Mikali akabaki na watoto. Lakini Mikali hakupata raha, kwa sababu mstari uliofuata alikuwa ameusoma. Wale watano wa kitabuni walitiwa mikononi mwa adui, wakauawa mlimani pamoja, kwa damu aliyoimwaga babu yao Sauli. Mstari uliomwachia watoto ulikuwa na huo mwenzake mgongoni. Akawa hawaachi watoto wake watoke wote kwa pamoja: wawili wakienda mtoni, watatu wanabaki. Shule ilipopeleka watoto kuupanda mwamba wa Tororo, wake hawakwenda. Majirani walisema anaringa. Akawaacha waseme.

Mwaka 1967 Edah, mkubwa wa wale watano, alikuwa akimsomea nyanya yake Maandiko. Alupo aliomba habari ile ya Mikali, ambayo siku hizi ilimpendeza. Edah hakujua pa kuishia. Akaendelea.

Alupo alimkuta Mikali uani akianika nafaka ya wimbi.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Miaka tatu, unabeba hii peke yako?"

Mikali akaendelea kutandaza wimbi. Alupo alikwenda kuchukua kigoda chake, akakiweka mlangoni pa nyumba ya Mikali, akaketi.

"Ile watoto ya kitabu walichukuliwa sababu nyanya yao hakukuwa mlangoni," akasema. "Mimi niko. Mikali, leta ungo."

Mikali akaleta ungo, na ilimbidi aukabidhi huku uso ameugeuza kando.

Shule zilipofungwa mwaka huo, watoto watano wa boma lile waliupanda mwamba wa Tororo siku moja, mdogo mgongoni mwa Edah. Wanawake wawili waliwangoja chini, kivulini pa jiwe. Watoto wakashuka wote, na njaa kali.