Susu Juu ya Karatasi ya Kioko

Jambo hili nimelificha sana, na hata sasa ninapoliandika polepole hivi masikio yanapata moto, lakini nyinyi ni watu wangu, chekeni mkitaka.

Susu wangu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya) ana uvimbe shingoni, na baada ya kubembelezwa mwaka mzima alikubali kwenda kupasuliwa. Shangazi Ndunge, bintiye anayemwita Mwaitu (yaani mama), akaita akina mama wa kanisa waje kwetu Mowlem Jumapili wamwombee kabla hajalazwa kesho yake, halafu akanigeukia. "Na wewe, si unajuanga hizo vitu za simu? Mtengenezee Mwaitu albamu tuionyeshe kwa TV, apate nguvu."

Mimi ni mtu wa kunyamaza, masomo yangu yaliishia darasa la nane, na hizo albamu za simu ndizo kitu pekee ninachosifiwa mtaani: napiga picha karatasi za zamani, tiketi za basi, kadi za Krismasi, pakiti za majani chai, nazikata kwa kidole kwenye kioo, kisha napanga picha za watu juu yake. Basi nikafungua kabati la Susu nikapata moja nzuri kuliko zote, imegeuka rangi ya chai, pembeni maua na njiwa. Ilikuwa ratiba ya mazishi ya baba mkubwa Kioko, kifungua mimba wake. Sitadanganya, nilijua. Lakini nikajiambia nikifuta jina na sura yake, maua ni maua tu, nani atatambua (na kwenda kuomba karatasi kwa majirani niliona haya). Chini kulibaki mistari midogo iliyofifia, na kwenye simu yangu ilionekana kama urembo, nikaiacha.

Jumapili sebule ilijaa hadi mlangoni. Picha ya kwanza ilikuwa Susu akiwa msichana, akacheka mwenyewe. "Oneni shingo hiyo, ilikuwa haijabeba mzigo." Watu wakacheka, na mimi nikajiona mtu. Kisha ikaja picha yake ya juzi, ametabasamu juu ya karatasi ya Kioko, na TV aliyotununulia shangazi ni kubwa kama meza. Kicheko kikakatika. Mama mmoja akasoma taratibu, kama anayesoma neno kanisani, "Mwili kuwasili nyumbani."

Nilitaka kusukuma picha ipite, lakini kwa haraka nikatumia vidole viwili, badala ya kuisukuma nikaikuza, na ule mstari ukajaa TV nzima chini ya kidevu cha Susu, huku wimbo wa polepole niliouweka mwenyewe ukiendelea. Nikachomoa waya wa simu. TV ikarudi kwenye mpira, mtangazaji akishangilia goli.

"Wewe kijana," shangazi akasema, "umemzika Mwaitu akiwa ameketi?"

Susu hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliuliza tu, "Hiyo ni ya Kioko, sivyo?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Akakaza kitambaa chake shingoni. "Basi siendi. Kioko naye alienda kupasuliwa."

Hilo sikulijua. Baba mkubwa alikufa nikiwa mdogo, na kwetu hakuna anayeeleza. Jumatatu shangazi alikuja na teksi, akabembeleza, akalia, teksi ikaondoka bila mtu.

Siku hizi mtu akiniletea karatasi kuukuu, hata iwe ya kufungia maandazi, namuuliza kwanza ilikuwa ya nani na ilifanya kazi gani, na nyingi nazirudisha. Uvimbe umeongezeka. Mkoba wa hospitali bado uko chini ya kitanda cha Susu, na ndala mpya ndani ambazo hazijakanyaga sakafu. Nikifagia nauinua, nafagia pale chini, naurudisha palepale, naye ananitazama.