Kiatu cha Soli Nene

Mfagizi wa wodi ya macho alizaliwa na mguu mmoja mfupi, na tangu utotoni alimwomba Mungu aurefushe. Kanisani alikuwa akiingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, watu wasimwone akichechemea. Sasa akina mama wa kanisa walikuwa wamempangia kupeleka sadaka mbele Jumapili. Wiki nzima hakutulia. Mwishowe fundi viatu akamwongezea soli nene kwenye kiatu cha kushoto, naye akakijaribu kazini.

“Makubwa! Leo mwendo wa bibi harusi,” muuguzi alimtania.

Akaingia wodini kwa hatua zilizolingana. Bibi mmoja, aliyefungwa bandeji macho yote mawili, akashtuka na kujivutia shuka.

“Nani wewe?”

“Ni mimi, bibi. Wa ufagio.”

“Usinidanganye! Mjukuu wangu wa ufagio namjua. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Nikimsikia namshukuru Mungu, najua kumekucha na sijaachwa peke yangu.”

Mfagizi aliegemeza ufagio ukutani. Kumbe alichokuwa akimwomba Mungu akiondoe, mwenzake alikuwa akimshukuru Mungu kwa hicho hicho. Akavua viatu, akazunguka kitanda pekupeku.

“Eh! Ulikuwa wapi wewe?” bibi akacheka.

Jumapili alivaa viatu vyake vya zamani, visivyo na soli nene. Kikapu cha sadaka alikipeleka mwenyewe, akichechemea, mpaka madhabahuni.