Niliwacheka Wapiga Kura wa Marekani, Kisha Nikafanya Yaleyale

Mhariri, jina langu lifiche. Nina miaka ishirini na saba, Mzigua, mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Misima, Handeni. Nina mchumba wa Kisambaa, kwao Kilole, Korogwe. Tangu mwezi wa pili situlii. Nikiandika ubaoni nasahau neno katikati.

Mchumba wangu ni dada wa rafiki yangu, nitamwita Hemedi, aliyehamia kijijini kwetu kulima. Redio ilipotangaza matokeo ya urais wa Marekani mwaka jana, darasa langu lilibishana. Mgombea mmoja aliyetaka weusi waendelee kutengwa alishinda majimbo kadhaa ya kusini kwa kura za weupe. Weusi nao karibu wote walikuwa upande mwingine. Nikasema, "Hao wote ni wamoja. Kila mtu na ngozi yake. Sisi huko tumeshavuka."

Hemedi akanikatiza. "Mwalimu, usiwachanganye. Mweusi wa kule juzijuzi tu ndiyo kaondolewa vikwazo vya kupiga kura. Akimchagua aliyemfungulia mlango, anajikinga. Anayechagua mtu ili jirani yake abaki nje, huyo anafunga mlango. Ni sawa hao?"

Sikukubali. Katika shajara yangu ya siku ile nimeandika: "H. amekosea. Ubaguzi ni ubaguzi."

Mwezi wa pili kijiji kilichagua mwenyekiti. Waligombea Hemedi na Mzigua mwenzetu mmoja ambaye kila mtu anajua hafiki shambani kabla ya saa nne. Kwa kuwa wengi hawajajua kusoma, tulipiga kura kwa punje: hindi la Hemedi, haragwe la mwenzake. Unaingia nyuma ya kanga iliyotundikwa, unatumbukiza moja mtungini.

Kwenye foleni mjomba wangu akasema, "Mtu wa milimani atuongoze sisi wa tambarare? Atatupandisha mlima hata pasipo mlima!" Watu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Nyuma ya kanga nilishika hindi, nikaliacha, nikatumbukiza haragwe. Sikuwa najikinga na lolote. Hemedi hajanidhuru hata siku moja. Niliona vibaya tu kwamba mkubwa wetu asiwe wa kwetu.

Hemedi alishindwa. Akaja kunishika bega: "Shemeji, wengine siwajui, lakini wewe hukunitupa." Nilinyamaza.

Laiti ningesema pale pale! Baba yao alikuwa ameikataa posa yangu mara mbili, hataki binti yake aolewe Handeni. Hemedi akaenda kumsimulia kwamba mimi nilimpigia kura. Mwezi uliopita nilifika Kilole nikatoa shikamoo, na mzee hakuuachia mkono wangu.

"Marahaba, mwanangu. Nilikukataa kwa sababu ya watu wako. Lakini mtu aliyesimama na kijana wangu wakati watu wake wanamkataa, hatamtupa binti yangu. Wazee wako waje baada ya mavuno."

Mchumba wangu alikuwa mlangoni, machozi yanamtoka huku anacheka.

Mahindi yameanza kukauka. Nikisema ukweli, nitampoteza yeye na kaka yake kwa siku moja. Nikinyamaza, nitamwoa kwa kura ambayo sikuipiga, na kila baba mkwe atakaponisifu mbele ya watu nitainamisha kichwa, wao wadhani ni adabu.

Nishaurini, wasomaji, wa milimani na wa tambarare: niwatangulie wazee wangu Kilole nikaseme, au ninyamaze nioe?