Kifua Kilichopanda Puani

Juzi mtaani kwetu Dunda nilimwona jirani akisafisha pua kwa maji ya chumvi, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni ambayo mama alirudi kutoka hospitali. Nyumba ilinuka samaki wa kukaanga na ile dawa yake ya pua. Alishawahi kutibiwa akapona, kisha pua ikaanza tena kuziba na kutoa damu.

"Kifua kikuu kimerudi," alimwambia bibi kwa sauti ya chini. "Kipo puani."

Mimi nilielewa kwamba kifua cha mama kinapanda. Kikishajaa puani, atapumulia wapi?

Alipojilaza mkekani, nilikaa kando yake nikakibana kifua kwa mikono miwili kisisogee. Alikoroma kwa shida, mdomo wazi.

Akashtuka. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nakizuia, mama."

Leo najua vilivyomponya ni vidonge, alivyovimeza miezi mingi bila kuruka hata siku moja. Lakini alasiri ile hakunieleza kitu. Aliishika mikono yangu, akairudisha kifuani pake.

"Haya, kibane," akasema. "Usiachie."

Akafumba macho.