Chanzo cha Karibu Kisichotaka Kutajwa

Umewahi kufukuzwa kazi kwa maneno ambayo hukuyasema? Mjomba wangu amefukuzwa.

Alikuwa dereva wa mkurugenzi mkuu wa shirika kubwa. Madereva wenzake walimbandika jina la Kufuli, kwa sababu hata ukimuuliza bosi kaelekea wapi, atakujibu kwamba barabara ilikuwa nzuri. Nyumbani ni hivyo hivyo. Mkewe hutania kwamba habari za bosi huyo huzisikia redioni kama jirani yeyote.

Wiki hii gazeti likatoa habari ukurasa wa mbele: mkurugenzi anajiua kwa kazi. Hana Jumapili. Usingizi anaupata kwenye kiti cha nyuma cha gari, na wakifika ofisini dereva huzunguka jengo zima kwanza ili mzee apate lepe jingine kabla ya kikao. Nani kasema? Chanzo cha karibu kisichotaka kutajwa jina.

Habari ilikuwa ya kumsifu. Wajumbe wa bodi hawakuisoma hivyo. Waliuliza kama mtu anayesinzia namna hiyo ndiye anayetia sahihi mikataba yao. Bosi alipobanwa, akatafuta pa kutupia mzigo: dereva wangu ana mdomo, tena anatia chumvi. Kufikia jioni mjomba alishaambiwa arudishe funguo za gari kesho yake. Kwenye kibanda cha madereva wakamcheka kwamba Kufuli limeliwa na kutu.

Nilimkuta sebuleni, sare ingali mwilini, akipangusa viatu visivyo na vumbi.

"Mjomba, humo garini huwa mko wangapi?"

"Wawili."

"Basi kama si wewe..."

"Ishia hapo hapo, mpwa wangu. Ya garini siyatoi hata leo."

Nilitamani kupiga ukuta teke. Anamfichia siri mtu aliyemwaga unga wake!

Nikaenda gazetini. Mwandishi wa habari ile nilisoma naye chuo. Tulikaa dawati moja tukifundishwa kwamba chanzo hulindwa ili mnyonge aweze kusema bila kumwogopa mkubwa. Alinipokea vizuri, hata chai akaniagizia. Nikamwambia sihitaji amtaje mtu yeyote.

"Andika tu kwamba si dereva. Sentensi moja, kaka."

"Nikishasema si dereva, atabaki nani?"

"Atabaki huyo huyo unayemlinda."

"Basi umeshaelewa kwa nini siwezi."

Nikamuuliza mkurugenzi mkuu anamwogopa nani hadi afichwe. Akasema kanuni ni kanuni. Kanuni gani hiyo? Pazia tuliloambiwa ni la mnyonge, leo mkubwa anajifunika ajisifu, na likimgeuka anamsukumia dereva wake. Chai yake niliiacha mezani.

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza mjomba. Alikabidhi funguo, akatoka, na tulikuwa bado kwenye ngazi za mbele gari jingine la shirika liliposimama. Mkurugenzi alikuwa nyuma, kichwa kimelalia kioo. Dereva mpya hakujua la kufanya, akapiga honi. Mjomba akashuka ngazi, akamwashiria anyamaze, akafungua mlango taratibu, akachukua mkoba uliokuwa kitini na kumgusa bosi begani.

Bosi akaamka, akapokea mkoba wake kutoka mikononi mwa mjomba bila kumtazama usoni.

"Saa nne tunatoka," akasema. "Usichelewe."

"Sawa, bosi," mjomba akajibu, kisha tukatoka getini.