Ubao Usio na Kipimo

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi wa kuandika mabango pale Waithaka, Nairobi, na swali langu la kwanza kwa kila mteja lilikuwa moja: ubao wako ni wa ukubwa gani? Sikuuliza jina la duka wala rangi anayoipenda. Ukubwa kwanza. Ukishajua ubao ni futi nne kwa nane, unavuta mistari ya chaki, unagawa nafasi, kila herufi inapata pake, na nusu ya kazi imekwisha. Bucha, saluni, kanisa la mabati, daktari wa meno, wote niliwaandikia hivyo. Nikimaliza, naweka alama yangu kwenye kona ya chini kulia: jina moja na namba ya simu, kwa herufi ndogo nyeupe. Ndiyo desturi ya mafundi wa mabango. Sisi hatuna ofisi, tuna ile kona.

Kisha zikaja mashine za kuchapa turubai. Mtu anapeleka picha mjini asubuhi, mchana anarudi na tangazo lenye rangi zote duniani na uso wake mwenyewe ukicheka katikati. Sikufua dafu. Mwenzangu, niliyekuwa natumia naye ngazi moja, leo yeye juu na kesho mimi, alichoka mapema kuliko mimi akarudi kwao magharibi kulima. Ngazi aliniachia. Niliiegemeza nyuma ya chumba nilichopanga Mutuini, na kuku wa mwenye nyumba wakaifanya kitanda chao.

Simu yangu nayo ikanyamaza. Ni simu ya vibonye, ile tunayoiita kabambe, na namba ni ile ile iliyo kwenye kuta na mbao zote nilizowahi kuandika. Kuna wiki niliitoa mfukoni mara kwa mara kuangalia kama mtandao umepotea. Mtandao ulikuwapo.

Siku moja kwa kinyozi nikasikia watu wakisema kwamba siku hizi duka lisilo na ukurasa wa intaneti ni kama halipo. Nilikasirika, maana mimi ni mtu wa kukasirika kwanza na kufikiri baadaye. Nilipofika nyumbani nikafikiri. Ukurasa ni nini kama si bango? Kama watu wamehamia huko na macho yao, nitawafuata huko huko.

Nikanunua laptop ya mtumba ambayo betri yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo haiwaki bila waya ukutani. Kila asubuhi nilishuka mjini hadi maktaba moja yenye soketi chini ya meza na intaneti ya bure, nikakaa kati ya wanafunzi waliozaliwa nikiwa tayari nashika brashi. Mwalimu wangu wa kutengeneza kurasa alikuwa mtu wa kwenye video, anayecheka vichekesho vyake mwenyewe. Kuna wiki alikuwa ndiye binadamu pekee aliyeniambia habari ya asubuhi, na hata yeye alikuwa anamwambia kila mtu.

Siku nilipoandika mistari yangu michache ya kwanza na kichwa cha habari kikatokea kwenye kioo, kikubwa, cheusi, kimenyooka kuliko mkono wangu ulivyowahi kunyoosha, niligeuka kuona nani ameona. Msichana wa kulia alikuwa na spika masikioni. Wa kushoto alikuwa amelala juu ya kitabu cha uhasibu. Nikageuka tena kwenye kioo changu, nikajipongeza kimyakimya.

Hilo ndilo sikulitarajia. Ukiandika bango barabarani huwi peke yako hata dakika moja. Kila apitaye anasoma kwa sauti, anakuambia herufi imepinda, anakuuliza kama unaandikia mzungu. Nilikuwa nawachukia watu hao. Sasa pale maktaba niliwatamani. Nilikuwa mpweke, na sina haja ya kulipamba neno hilo.

Baada ya miezi minne ya kujifunza, nilipanda hadi Kitisuru kumtafuta mteja wangu wa zamani, mama anayeuza miche ya miti na maua kando ya barabara. Bango nililomwandikia lilikuwa limepauka, lakini namba yangu ilikuwa bado inasomeka kwenye kona.

"Fundi!" akasema. "Mimi nilidhani ulikufa."

"Bado, Mama."

Akanilalamikia wateja wake. Watu wa mageti makubwa hawashuki garini siku hizi. Wanampigia simu, anawasomea majina ya miche mmoja mmoja, na akimaliza wanasema watafikiria. Nikamwambia nitamtengenezea duka la kwenye intaneti: mtu aone miche yote, achague anaoutaka, aandike idadi, na oda imfikie kama ujumbe.

"Wewe? Na hiyo mambo ya kompyuta umejua lini?"

"Ndiyo najifunza."

Akamwagilia safu nzima ya mikaratusi kabla ya kunijibu. "Sawa. Lakini mvua ikianza watu watataka kupanda. Kama haitakuwa tayari, kuna mtu wa kanisa yetu anafanya hizo vitu, nitampatia yeye. Sitakuwa na muda ya kungoja."

Nikapiga moyo konde nikakubali. Nilijua vizuri nilichoweka rehani. Bango lilikwisha kunikataa. Na huku nako nikishindwa, sitakuwa tena fundi wa kitu chochote, nitakuwa mtu tu anayeishi Mutuini.

Nilianza kama nilivyozoea. Ubao ni wa ukubwa gani? Nikatafuta, nikagundua kioo cha laptop yangu kina upana wa pikseli 1366, yaani vinukta hivyo vidogo vinavyofanya picha. Nilifurahi ajabu. Nikachukua daftari na rula, nikagawa. Parachichi hapa, makadamia hapa, waridi safu ya pili, kitufe cha kuagiza upande wa kulia kabisa, kila kitu na kipimo chake kamili. Mwalimu wa video alikuwa na somo zima kuhusu simu. Nililiruka. Mimi hata enzi za brashi sikupenda kazi ya vibao vidogo vya mlangoni, niliwaachia wengine.

Kwa wiki sita nilipanga na kupangua, na hakuna jicho lingine lililouona ukurasa ule. Ulikuwa mzuri. Nasema kweli, ulikuwa mzuri.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa Ngong nikaenda kumwonyesha. Alikuwa na mteja, bibi mmoja aliyeshuka garini siku hiyo kwa bahati yangu mbaya. Nikamsomea Mama anwani, akaiandika kwenye simu yake, ukurasa ukafunguka. Wote wawili wakaisogeza simu karibu na pua.

"Fundi, hii ni nini? Hizi ni herufi ama ni sisimizi?"

Akavuta kwa vidole viwili. Herufi zikakua, parachichi likajaa kioo kizima. "Sawa, avocado nimeona. Sasa hiyo kitufe ya kuagiza imeenda wapi?" Akaburuta kulia, akaburuta tena, akajikuta kwenye waridi. Yule bibi akacheka, hakuwa na ubaya, akachukua miche yake akaondoka.

"Kwangu iko sawa, Mama," nikasema, nikatoa laptop mkobani nithibitishe, nikaifungua. Kioo cheusi. Nilikuwa nimesahau kwamba barabarani hakuna ukuta wenye soketi. Nikabaki nimeishika wazi mikononi, mzima mzima.

Mama hakunicheka. Afadhali angecheka. "Fundi," akasema polepole, "ni nani atakuja kununua mche akiwa amebeba kompyuta? Enda urekebishe. Mvua bado kidogo."

Nilipofika Mutuini niliketi kwenye kitanda nimeshika tama. Aibu ilinichoma, lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Ukiwa juu ya ngazi huwezi kuona mstari umepinda, uko karibu mno. Anayeona ni yule wa chini. Miaka yote ile mwenzangu alikuwa ananipigia kelele, "Kulia inashuka!" na mimi nanung'unika na kurekebisha. Safari hii nilikuwa nimepanda peke yangu, na simu yangu ya vibonye haingeweza hata kuufungua ukurasa wangu mwenyewe. Nikapiga namba ya mwenzangu. Sauti ya mwanamke ikaniambia hapatikani kwa sasa.

Kesho yake nilirudi maktaba, nikafungua lile somo nililoliruka. Kumbe kuna mstari mmoja wa kuandika juu kabisa, unaoiambia simu itumie upana wake yenyewe isijifanye kompyuta. Kumbe unaanza na kioo chembamba kabisa, unapanga vitu kimoja chini ya kingine, halafu unaacha viwe viwili kwa safu, vitatu, vinne, kadiri nafasi inavyopanuka. Ubao wenyewe hauna kipimo. Kila mtu anakuja na wake mkononi. Nilipofuta ile 1366 yangu, na vipimo vyote nilivyovizaa kwa rula, nilihisi kama nafuta chaki yangu ya miaka kumi na tisa. Nilifuta hata hivyo.

Nilipomaliza nikaenda kwenye stendi ya bodaboda, nikamwomba mmoja aniazime simu. Akaiingiza mfukoni haraka.

"Mzee, simu siwezi peana. Hiyo ni maisha yangu iko ndani."

Alikuwa na haki. Nairobi hii mtu atakuazima pikipiki kabla ya simu. Nikamwambia aishike yeye mwenyewe, mimi nitasimama kando nimsomee anwani. Akafungua. Mwenzake akachungulia, na wa tatu akatoa yake iliyopasuka kioo.

"Hapa kwa macadamia umeandika mara mbili."

"Hii kitufe ni ndogo, buda, kidole yangu inagusa ya chini."

"Lakini iko poa. Hii ni ya nani?"

Niliandika yote daftarini kwa furaha. Hawa ndio watu wangu wa barabarani, wale wale waliokuwa wananikera. Kisha abiria wakaja, pikipiki zikawaka moja baada ya nyingine, na nikabaki pale na daftari langu.

Nilipanda tena Kitisuru udongo ukiwa umeshalowa kwa manyunyu ya jana. Mama alikuwa na mche mkono mmoja, simu mkono wa pili, akafungua ukurasa kwa kidole gumba tu. Alishuka na ile orodha taratibu, parachichi, makadamia, waridi, akagusa, akaagiza, ujumbe ukamwingia mwenyewe. Akaendelea kushuka mpaka mwisho kabisa.

"Fundi, na namba yako iko wapi?"

"Ipi, Mama?"

"Si kwa bango uliweka. Pale kwa kona. Watu wakiniuliza ni nani alinifanyia, mimi niseme nini?"

Wiki zote zile wazo la namba halikunijia hata mara moja. Sijui nilisahau au nilikuwa nimeshaacha kuamini kwamba kuna mtu atauliza. Akaniombea waya wa umeme kwenye kioski cha jirani, akanifungulia intaneti ya simu yake, nami nikakaa juu ya kreti la soda nikaandika chini ya kila kitu, kwa herufi ndogo nyeupe: jina moja na namba ya simu. Nikaifanya namba iwe ya kuguswa, kama nilivyofundishwa mwishoni mwa lile somo la simu.

Mama akaufungua upya ukurasa, akashuka hadi chini, akaigusa.

Mfukoni mwangu simu ikalia.

"Ni mimi," akasema. Alikuwa amesimama hatua mbili mbele yangu, simu sikioni.

"Najua, Mama," nikasema, na sikuizima. Niliiacha ilie.